Pedali za Mbele: Namna ya Kuchagua Mahali pa Miguu kwenye Kruza

Mwaka 2009 kiwanda cha Harley-Davidson kilitoa Sportster iliyoitwa Iron 883. Mwaka uliofuata kikatoa nyingine, Forty-Eight. Fremu zao ni za ukoo mmoja, na injini zao zinatofautiana ukubwa tu: moja ya ujazo wa sentimita 883, nyingine ya 1200. Hata hivyo, mtu akishuka kwenye ya kwanza na kupanda ya pili, miguu humwambia papo hapo kwamba amehama chombo. Kwenye Iron vikanyagio viko katikati, karibu chini ya magoti, na mwendeshaji hukaa kama aliyekaa kwenye stuli fupi. Kwenye Forty-Eight vikanyagio vimepelekwa mbele ya injini, magoti yamefunguka, na visigino vinatangulia safari.

Mpangilio huo wa pili ndio unaoitwa pedali za mbele. Si vikanyagio peke yake. Ni seti nzima: kikanyagio cha kushoto pamoja na liva ya gia, kikanyagio cha kulia pamoja na pedali ya breki ya nyuma, mabano ya kuvishika kwenye fremu, na rodi zinazopeleka nguvu ya mguu hadi kwenye giaboksi na kwenye masta ya breki. Ukihamisha kimoja, umehamisha vyote.

Wenye kruza wengi huchagua seti hii kwa macho. Wameona picha ya pikipiki ndefu, kromu inawaka, miguu imenyooshwa, na roho ikapenda. Kupenda si kosa, kwa kuwa kruza ni chombo cha raha. Lakini miguu hiyo miwili inafanya kazi safari nzima, na mmoja wao unashika breki. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye breki, unapita kwenye kipimo cha mguu, na kuiacha kromu ije nyuma.

Zilikotoka

Harley kubwa za zamani zilikuwa na mbao pana za kuwekea miguu, na hadi leo modeli kama Fat Boy, iliyoanza 1990, na Road King hubeba miguu kwa namna hiyo. Vijana wa Marekani waliotengeneza chopa miaka ya 1960 waliondoa kila walichokiona ni uzito wa bure, wakarefusha fork ya mbele, na miguu nayo ikasogea mbele kufuata umbo la pikipiki. Kiwanda kikafuata mtaa. Mwaka 1980 Harley-Davidson ilitoa FXWG Wide Glide ikiwa na fork pana, gurudumu la mbele la inchi 21, na pedali za mbele zilizofungwa kiwandani.

Tangu hapo watengenezaji wamegawanyika, na wakati mwingine kiwanda kimoja hugawanyika chenyewe. Harley Street Bob hutoka na pedali za kati, Breakout hutoka na za mbele. Honda Rebel 500 ina za kati. Royal Enfield Super Meteor 650 ina za mbele. Harley Sportster S ya 2021 ilikuja na za mbele, na kiwanda hicho hicho kinauza seti ya kuzirudisha katikati. Hiyo peke yake ni ushahidi wa kutosha kwamba hakuna mahali pamoja panapomfaa kila mtu.

Zinachotoa na zinachochukua

Faida kubwa ya pedali za mbele iko kwenye goti. Mtu mrefu akikaa kwenye kruza yenye kiti cha chini na pedali za kati, magoti yake hupanda juu na kukunjika sana. Baada ya saa moja damu inatembea kwa shida na maungio yanalalamika. Mguu ukifunguliwa, goti linapumua. Mwenye jeraha la zamani la goti, au aliyechoka kukunjwa na safari ndefu za barabara kuu, huiona tofauti siku ya kwanza.

Gharama yake iko kwenye kiuno. Miguu ikitangulia mbele, nyonga hujikunja kurudi nyuma na uzito wa mwili unaacha mapaja, unahamia kwenye kifandugu na mgongo wa chini. Miguu haiwezi tena kusaidia kubeba mwili. Kwa mwendo wa kasi upepo unampiga mwendeshaji kifuani huku amekaa wima, na mikono inalazimika kuuvuta mwili mbele usisukumwe nyuma. Upepo huo huo huyasukuma magoti yafunguke kwa nje.

Kuna hasara nyingine ambayo msomaji wa Tanzania au Kenya aipe uzito kuliko Mmarekani anayeishi kwenye barabara zilizonyooka. Mwenye pedali za kati akiliona tuta au shimo, ananyanyuka kidogo, na miguu yake inapokea kishindo kwa niaba ya mgongo. Mwenye pedali za mbele hawezi kusimama hivyo, kwa kuwa miguu haiko chini ya mwili wake. Kishindo chote kinapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Anayepita matuta kila siku kwenda kazini, au anayetoka lami na kuingia vumbi, ana sababu nzuri ya kuchagua pedali za kati, au za mbele zilizosogezwa kidogo tu.

Breki ya nyuma ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa

Kwenye pikipiki fupi ya michezo, mtu akikaba breki kwa nguvu uzito hukimbilia mbele na gurudumu la nyuma linabaki jepesi, halina mchango mkubwa. Kruza haiko hivyo. Ni ndefu kati ya gurudumu na gurudumu, ni ya chini, na mwendeshaji amekaa karibu na gurudumu la nyuma. Breki ya mbele bado ndiyo inayosimamisha zaidi, lakini ya nyuma inashika kweli, na ndiyo inayoituliza pikipiki kwenye kona za mwendo wa taratibu, kwenye foleni, na kwenye mteremko.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kabla ya kutoa hela ni hili: nikiwa nimekaa vizuri kwenye kiti, naweza kuikanyaga pedali hadi mwisho wake bila nyonga kuteleza mbele na bila goti kukakamaa? Mguu ulionyooka kabisa hauna akiba. Unaweza kugusa pedali, ukashindwa kuisukuma; au ukaisukuma ghafla kwa uzito wote wa mguu, gurudumu likafunga. Mguu uliokunjika kidogo una nguvu, na una uwezo wa kupunguza na kuongeza.

Angalia pia pedali yenyewe inavyokaa ukilinganisha na kikanyagio. Inatakiwa kisigino au uvungu wa buti ubaki umetulia kwenye kikanyagio huku vidole vikishuka kwenye pedali. Ikiwa ni lazima kuunyanyua mguu mzima hewani ndipo upande juu ya pedali, umepoteza muda ambao siku ya dharura hautakuwa nao. Seti nzuri huwa na bolti ya kurekebisha kimo cha pedali. Ambayo haina, iachwe dukani.

Kupima kabla ya kununua

Kazi hii inahitaji mtu wa pili, futi kamba na vipande kadhaa vya mbao. Simamisha pikipiki wima kwenye sakafu tambarare, gurudumu la mbele likiwa limebanwa lisitembee, na mwenzako aishike kwa nyuma. Vaa buti unazosafiria. Soli nene inabadilisha kipimo, na anayepima kwa ndala atanunua seti ya mtu mwingine. Kaa pale unapokaa baada ya saa nzima ya safari, nyonga zikiwa zimerudi hadi kwenye kingo ya nyuma ya kiti.

Sasa mwenzako apange mbao mbele ya injini, pande zote mbili, hadi kimo unachodhani vikanyagio vitakaa. Weka visigino juu yake. Zisogezwe mbele na nyuma kidogo kidogo hadi ufike mahali ambapo mguu umefunguka lakini goti bado limekunjika kidogo.

Ukiwa hapo, fanya majaribio matatu. La kwanza, sukuma kwa mguu wa kulia kama anayefunga breki ya dharura. Ukihisi makalio yanateleza au goti linafunga, mbao ziko mbali mno. La pili, shika usukani na uukate hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Ukiona mkono wa nje unauvuta mwili uache kiti, miguu na mikono vimetandazwa kupita kiasi, na itabidi usukani nao uletwe karibu. La tatu, inua vidole vya mguu wa kushoto kama anayepandisha gia. Kifundo kinatakiwa kifanye kazi hiyo peke yake, paja likiwa limetulia.

Ukiridhika, pima kutoka sehemu ya chini kabisa ya kiti hadi kwenye uso wa ubao, kwa milimita. Kisha pima kutoka hapo hapo hadi kwenye vikanyagio ulivyonavyo sasa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo unayokwenda kuinunua.

Hapo ndipo wengi hukwama, maana wauzaji wa Marekani hutaja vipimo kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Ukiona tangazo linasema seti inasogeza miguu inchi 2 au 3 mbele, uliza: mbele kutoka wapi? Seti nyingine huhesabu kutoka kwenye pedali za kati. Nyingine huhesabu kutoka kwenye pedali za mbele za kiwandani, kwa ajili ya watu warefu zaidi. Tofauti hiyo ndogo ya maneno inaweza kumwachia mtu wa kimo cha wastani pedali asizozifikia.

Njia nyingine ya kujaribu kwa bei ndogo ni kufunga vikanyagio vya safari kwenye bampa ya kukinga injini. Vinashikwa kwa klampu, havina gia wala breki, na vinakupa nafasi ya kunyoosha miguu kwenye barabara tupu. Safari mbili tatu za namna hiyo zitakueleza kama kiuno chako kinaukubali mkao huo. Miguu irudi kwenye pedali zake kila unapokaribia magari, makutano au kona.

Seti inayolingana na pikipiki

Jina la modeli pekee halitoshi. Sportster ilibadilishwa fremu mwaka 2004, injini ikaanza kukalia mipira ya kupunguza mtetemo. Mwaka 2014 mfumo wa breki ukabadilika na ABS ikaanza kupatikana. Seti ya Sportster ya 2002 haiingii kwenye ya 2010, na iliyotengenezwa kwa ajili ya 2010 inaweza kukataa kwenye ya 2015. Hali ni hiyo hiyo kwa Softail, ambazo zilipewa fremu mpya mwaka 2018. Mpe muuzaji mwaka wa pikipiki na namba ya chasisi, na umwambie kama ina ABS au haina.

Kisha izunguke pikipiki yako ukiwa na macho ya fundi. Upande wa kulia, bomba la moshi la silinda ya mbele hushuka karibu sana na mahali ambapo breki inataka kukaa. Seti iliyopimwa kwa bomba la kiwandani huenda ikagongana na bomba lililobadilishwa. Bampa nyingi hufungwa kwenye matundu yale yale ya fremu yanayotakiwa na pedali za mbele, kwa hiyo kimoja kati ya viwili hivyo kinaweza kulazimika kuondoka, au itafutwe bampa iliyotengenezwa kukaa pamoja na seti. Upande wa kushoto, hakikisha stendi ya pembeni inafunguka na kufunga bila kugusa liva ya gia.

Angalia pia umbali kutoka kikanyagio hadi ardhini. Pikipiki ikilala kwenye kona, kikanyagio cha kruza ndicho mara nyingi hugusa lami kwanza. Kwa sababu hiyo kinapaswa kukunjika kuelekea juu na nyuma kinapoguswa. Kikanyagio kisichokunjika kinaweza kuwa mhimili wa kuinyanyua pikipiki na kuipeleka pasipotakiwa. Hiki si kipengele cha kujadiliana na muuzaji.

Msomaji aliyeko Ujerumani ana sharti lingine. Huko sehemu ya aina hii inatakiwa iwe na hati ya ABE au ikaguliwe na TÜV na kuandikwa kwenye karatasi za pikipiki. Omba hati hiyo kabla ya kulipa, kwa sababu muuzaji wa Marekani hana wajibu wa kuwa nayo.

Rodi ya gia

Pedali zikisogea mbele, liva ya gia inaachana na giaboksi, na kazi ya kuviunganisha inabaki kwa rodi ndefu. Hapa ndipo seti nyingi za bei rahisi zinapojionyesha.

Mkono mdogo unaokaa kwenye shafti ya gia una meno ya kuushikia. Rodi inatakiwa ikutane nao kwa pembe inayokaribia nyuzi 90 liva ikiwa katikati ya mwendo wake. Pembe ikiwa kali sana au butu sana, sehemu ya nguvu ya mguu inapotea, gia zinaingia kwa kusitasita, na nyutro inapatikana kwa kubahatisha. Tiba yake ni kuuchomoa mkono, kuusogeza jino moja, kisha kuirekebisha rodi kwa urefu. Rodi nyingi zina hesi ya kulia upande mmoja na ya kushoto upande wa pili, hivyo ukiizungusha inarefuka au kufupika bila kufunguliwa. Ukimaliza, nati za kufungia zikazwe pande zote mbili, na hesi iwe imeingia vya kutosha kila upande. Rodi inayoning'inia kwa hesi chache itachomoka barabarani, na pikipiki itabaki kwenye gia iliyokuwapo.

Upande mkono unakoelekea una maana kubwa. Ukifungwa kuangalia chini mahali ulipotakiwa kuangalia juu, mpangilio wa gia unageuka: moja inakuwa juu na zilizobaki chini. Marekani iliweka kanuni kuanzia Septemba 1974 kwamba gia ikae mguu wa kushoto na kunyanyua liva kupandishe gia. Kabla ya hapo Sportster, tangu 1957, ilikuwa na gia upande wa kulia, na ilihamia kushoto kwa modeli za 1975. Mguu uliozoea mpangilio mmoja haujifunzi mwingine katikati ya foleni. Kabla pikipiki haijatoka gereji, jaribu gia zote gurudumu la nyuma likiwa limenyanyuliwa.

Ubora unaoonekana kwa vidole

Shika seti mkononi. Itikise liva ya gia kwenye mhimili wake, kulia na kushoto. Mchezo wa milimita moja kwenye mhimili unakuwa mkubwa zaidi ukifika kwenye ncha ya liva, pale vidole vinapogusa. Mhimili mzuri una bushi ya shaba nyeusi yenye tundu la kutilia grisi, au beringi iliyofunikwa. Chuma kinachosuguana moja kwa moja na alumini kitachimba tundu, na ndani ya muda mfupi liva itakuwa inacheza.

Mabano yaliyochongwa kutoka kwenye kipande kizima cha alumini yanavumilia kuliko yale ya kumiminwa, ambayo yakianguka na pikipiki huweza kukatika badala ya kupinda. Kromu au rangi nyeusi ni hiari ya mwenyewe. Kwa mkazi wa Mombasa, Tanga, Zanzibar au Muscat, chumvi ya hewa ndiyo adui. Bolti ya chuma ndani ya alumini hushikana kwa kutu hadi isifunguke, hivyo izungushiwe grisi maalumu ya kuzuia kushikana pale ambapo kitabu hakitaki gundi ya hesi.

Usalama wa seti unategemea pia vitu vidogo: nati za kujifunga, vibanio vya pini, washa. Muuzaji makini huviweka vyote kwenye mfuko pamoja na karatasi ya maelekezo yenye vipimo vya kukazia. Seti isiyo na karatasi hiyo inamwachia fundi kazi ya kukisia, na breki si mahali pa kukisia.

Siku ya kufunga

Kuna seti zinazoacha masta ya breki pale ilipokuwa na kurefusha rodi tu. Nyingine huihamishia masta mbele, jambo linalodai paipu ndefu zaidi ya breki. Aina ya kwanza ni rahisi kufunga, kwa sababu mfumo wa mafuta haufunguliwi. Aina ya pili hutoa mguso ulio thabiti zaidi kama imefungwa vizuri, lakini inafungua mlango wa hewa.

Mfumo ukifunguliwa, washa za shaba kwenye bolti ya paipu ziwe mpya. Zilizokwisha kubanwa mara moja hazizibi vizuri. Kisha upepo utolewe wote hadi pedali iwe ngumu na isizame ukiikandamiza kwa muda. Kwenye pikipiki yenye ABS, hewa ikiingia hadi kwenye kitengo chenyewe, baadhi ya modeli zinahitaji mashine ya gereji iliyoidhinishwa ndipo itoke. Swali hilo liulizwe kabla ya kufungua bolti ya kwanza.

Mafuta ya breki yanahitaji jicho la pekee. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na DOT 3, DOT 4 wala DOT 5.1. Harley-Davidson ilitumia DOT 5 kwa miaka mingi kabla ya kuhamia DOT 4, kwa hiyo pikipiki mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na mafuta tofauti. Jibu limeandikwa juu ya kifuniko cha masta. Na DOT 4 ikimwagikia tangi, hula rangi, kwa hiyo tangi lifunikwe na maji yawe karibu.

Swichi ya taa ya breki nayo husahaulika. Baada ya kufunga kila kitu, simama nyuma ya pikipiki mwenzako akikanyaga pedali taratibu. Taa iwake mapema, na izime mguu ukiachia. Ikibaki inawaka, huenda pedali hairudi hadi mwisho na pedi za breki zinasugua diski muda wote.

Ikiwa pedali za mbele si jibu

Mtu anaweza kupima kwa mbao akagundua kwamba anachohitaji ni sentimita chache tu. Kawasaki walilielewa hilo walipotoa Vulcan S ya 2015, yenye injini ya sentimita za ujazo 649. Vikanyagio vyake hufungwa kwenye nafasi moja kati ya tatu: ya kati, ya milimita 25 mbele, au ya milimita 25 nyuma, na kiti na usukani navyo vina vipimo mbadala. Kiwanda kiliuita mpango huo Ergo-Fit. Indian nao, kwa ajili ya Scout iliyozinduliwa 2014, wanauza pedali za kusogea karibu kwa wafupi na za kusogea mbali kwa warefu.

Kiti nacho kinaweza kumaliza kesi. Kiti kinene zaidi humwinua mwendeshaji na kulifungua goti bila kugusa breki wala gia. Kinachomsogeza nyuma kinafanya karibu kazi ile ile. Seti kamili ya pedali za mbele yenye ubora hugharimu mamia ya dola kabla ya usafirishaji, ushuru na fundi. Kiti kilichofinyangwa upya na fundi mzuri wa viti vya magari kinaweza kuwa sehemu ndogo ya fedha hiyo, na kikikataa, sponji hubadilishwa tena.

Kilomita za mwanzo

Mguu una kumbukumbu yake. Aliyejifunzia pikipiki kwenye Bajaj Boxer au TVS, ambako vikanyagio viko chini ya mwili, atapeleka mguu pale pale siku ya kushtuka, na hatakuta kitu. Kwa hiyo siku ya kwanza si ya barabara kuu. Tafuta uwanja mtupu asubuhi. Anza na kuondoka na kusimama, mara nyingi, hadi mguu wa kulia uipate breki bila macho kushuka. Fuata na kona za taratibu za umbo la nane, klachi ikiwa nusu na breki ya nyuma imeguswa kidogo. Kisha simama kwa nguvu kutoka kilomita 20 kwa saa, halafu 30, halafu 40, ukitumia breki zote mbili. Ukiona bado unaipapasa pedali, rekebisha kimo chake urudie.

Baada ya safari mbili tatu fupi, spana ya toki ipite tena kwenye kila bolti ya mabano. Kruza nyingi za silinda mbili hutetema, na bolti mpya hulegea mapema kuliko baadaye. Tazama kama kuna alama za kusuguana kwenye bomba la moshi na kwenye paipu ya breki, na kama mafuta yanavuja kwenye viungo. Chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye bano. Mstari ukikatika, bolti imezunguka.

Seti ya zamani isitupwe wala isiuzwe haraka. Ifungwe kwenye mfuko pamoja na bolti zake zote, rodi ya gia na karatasi yenye jina la modeli na mwaka. Mnunuzi wa baadaye mwenye miguu mifupi ataiulizia. Na ikitokea mgongo ukaukataa mkao mpya baada ya miezi michache, fundi mwenye sehemu zote za asili mezani anaweza kuirudisha pikipiki ilivyokuwa ndani ya siku moja.